Mabomba Matatu Nyuma ya Kioo: Tathmini ya Kazi ya Fundi Bomba wa Ngamiani

Tangi langu la samaki wa maji ya chumvi liko sebuleni, Chumbageni, mjini Tanga, na kwa miezi sita sasa maji yake yanashuka kwenye tangi la chini na kupandishwa tena bila tone kuanguka sakafuni na bila sauti ya kumsumbua aliyelala chumba cha pili. Kazi ya mabomba ilifanywa na fundi mmoja wa Ngamiani ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akifunga vyoo, masinki na matangi ya juu ya nyumba, na ambaye kabla ya kuja kwangu hakuwa amewahi kugusa tangi la samaki. Naandika tathmini hii kwa kuwa watu kadhaa wa hapa mjini, na mmoja wa Pangani, wameniuliza kama kazi ya namna hii inaweza kufanywa na mafundi wetu wa kawaida, au kama ni lazima kumgharimia mtu atoke Dar es Salaam. Kwa niliyoyaona inaweza, mradi mwenye tangi awe anajua anachokitaka na fundi awe mtu wa kusikiliza.

Huyu si fundi wa kwanza kuniwekea mabomba. Wa kwanza, ambaye simtaji, alinifungia bomba moja tu la inchi moja la kuteremshia maji, na bomba la kurudishia maji akalizamisha sentimita 15 chini ya uso wa tangi, kwa maelezo kwamba likizama halitapiga kelele. Usiku wa wiki ya pili umeme ulikatika. Pampu iliposimama, bomba lile la kurudishia liligeuka sifoni, yaani mnyonyo ule ule wa mpira wa kuhamishia mafuta kutoka dumu hadi dumu, likaanza kuyavuta maji ya juu kuyapeleka chini, na halikuacha mpaka mdomo wake ulipoachwa wazi na kupata hewa. Tangi langu lina urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 50, kwa hiyo sentimita 15 za kina ni lita 90 za maji. Tangi la chini, lile ambalo wafugaji wa samaki huliita sampu, lilikuwa na nafasi ya lita 65 tu juu ya maji yaliyokuwemo. Lita 25 zilizobaki tulizikuta alfajiri kwenye zulia na chini ya kabati, na ilituchukua siku nyingi kuiondoa chumvi kwenye nyufa za sakafu.

Nimelieleza tukio hilo kwa urefu kwa sababu ndilo kipimo nilichomtumia fundi wa pili. Mfumo wa kumwaga maji ya ziada unaweza kuonekana mzuri mchana kutwa wakati pampu inafanya kazi, lakini ubora wake hujulikana katika dakika mbili, ile ambayo umeme unakatika na ile ambayo umeme unarudi. Nilimwambia hivyo siku ya kwanza alipokuja kuangalia. Hakunijibu upesi. Alichukua futi kamba, akapima tangi la juu, akapima la chini, akaandika tarakimu kwa penseli ubavuni mwa kabati, kisha akaniuliza swali ambalo fundi wa kwanza hakuwahi kuniuliza: "Mwalimu, umeme ukizimika, maji yatakayoshuka ni mangapi, nami niyaachie nafasi gani?" Kwa swali hilo nikampa kazi.

Tulianza na kioo. Mimi nilitaka ukuta wa nyuma utobolewe matundu matatu, na ndani yake ubandikwe kisanduku cha kufurikia chenye urefu wa sentimita 60, ambacho kingo yake ya juu ndiyo ingeamua kimo cha maji ya tangi. Kingo ndefu ina faida mbili. Maji hupita juu yake kama utando mwembamba, hivyo hayaporomoki kwa kishindo, na utando huo huondoka na yale mafuta membamba yanayotanda juu ya maji ya bahari yaliyotulia. Kabla ya kutoboa ni lazima kuwa na hakika kwamba kioo si kile kilichoimarishwa kwa moto, kwa sababu kioo cha aina hiyo hakitoboleki: ukikigusa kwa keekee hupasuka chote na kuwa punje. Changu ni kioo cha kawaida cha milimita 10, na aliyekikata alinithibitishia hivyo.

Fundi hakuwa na msumeno wa tundu wenye unga wa almasi, nami ilinibidi kuuagiza. Hapa aliniokoa kutoka katika kosa ambalo ningelifanya mwenyewe. Nilikuwa tayari kununua msumeno wa kipimo kile kile cha bomba, yeye akanizuia mpaka tuwe na konekta ya tangi mkononi, kwa maana kinachopita kwenye tundu ni shingo ya konekta, nayo ni nene kuliko bomba linalounganishwa nayo, na kila mtengenezaji ana kipimo chake. Alipotoboa alilaza tangi, akazungushia mahali pa tundu ukuta mdogo wa udongo wa mfinyanzi, akaujaza maji ili kioo na msumeno visipate moto, akaanza kwa kuinamisha keekee pembeni mpaka ulipopatikana mkato wa duara, kisha akaisimamisha wima na kuiacha ijishushe kwa uzito wake bila kuikandamiza. Kila tundu lilichukua dakika zisizopungua kumi. Kijana wake alitaka kusukuma ili wamalize mapema, mzee akamwambia, "Acha, mwanangu, kioo hakisukumwi." Matundu yote matatu yalitoka safi, na tundu la pembeni aliliweka mbali na ukingo wa kioo kwa zaidi ya upana wa tundu lenyewe, kama inavyotakiwa.

Konekta alizifunga mpira ukiwa upande wa ndani, upande wa maji, akazikaza kwa mkono na kuongeza robo mzunguko tu kwa spana. Mafundi wengi wa mabomba ya nyumba hukaza mpaka kitu kilie, na kwenye kioo tabia hiyo ni hasara. Kisanduku kilibandikwa kwa silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu dawa hiyo ni sumu kwa viumbe wa tangini, na tukakiacha wiki nzima kikauke. Fundi alinisihi siku tatu zinatosha. Nilikataa, na hakukasirika.

Sasa nifike kwenye mabomba yenyewe, ambayo ndiyo kiini cha huduma niliyoilipia. Nilimpa mchoro wa mfumo wa mabomba matatu ambao wafugaji huufahamu kwa jina la BeanAnimal. Yote matatu ni ya inchi moja na robo, lakini kila moja lina kazi yake. La kwanza ni la sifoni kamili: halina tundu la hewa mahali popote, linajaa maji tupu, na juu ya tangi la chini lina geti valvu ya kupunguza mwendo wa maji. Kwa kuwa ndani yake hamna hewa, halina kelele, na bomba hilo moja linaweza kubeba karibu maji yote ya pampu. La pili huachiwa maji machache tu, yale yaliyobaki baada ya geti valvu kurekebishwa, nayo hushuka yakiambaa kwenye ukuta wa bomba huku hewa ikipita katikati. Juu yake kuna mrija mwembamba wa hewa ambao mdomo wake umewekwa ndani ya kisanduku, juu kidogo ya kimo cha kawaida cha maji. Bomba la kwanza likiziba, maji ya kisanduku hupanda, mdomo wa mrija huzama, hewa hukatika, na bomba la pili nalo hugeuka kuwa sifoni kamili na kuibeba kazi yote. La tatu ni la dharura. Elbo yake inaangalia juu, iko juu kuliko nyingine, na siku zote inatakiwa iwe kavu. Ukisikia maji ndani yake, ujue kuna jambo.

Ipo njia fupi zaidi, ya mabomba mawili, iitwayo Herbie, ambayo ina bomba moja la sifoni na jingine la dharura. Ni njia nzuri na ya gharama ndogo, na kwa tangi dogo ningeikubali. Ila katika njia hiyo geti valvu inatakiwa kulingana na pampu kwa usahihi mkubwa, kwa kuwa hakuna bomba la katikati la kuchukua tofauti ndogo, na uchafu kidogo tu ukikaa kwenye valvu kimo cha maji hubadilika. Mtu anayesafiri mara kwa mara, kama mimi wakati wa likizo, hulala vizuri zaidi akiwa na matatu.

Fundi aliusoma mchoro, akaufuata, na mahali pawili akauboresha. Kwanza, aliviegemeza vipande vyote vya wima ukutani kwa klempu, ili uzito wa mabomba yaliyojaa maji usining'inie kwenye konekta na kukivuta kioo. Mchoro wangu haukuwa na klempu hata moja. Pili, sehemu fupi ya kulala iliyokuwa nyuma ya kabati aliipa mteremko, akisema kwamba bomba la kulala lisilo na mteremko hushika hewa na kuanza kukoroma. Maarifa hayo hakuyapata kwa samaki, ameyapata kwa miaka mingi ya kufunga mabomba ya maji machafu, ambayo nayo huenda kwa mvuto wa ardhi na si kwa presha ya pampu. Ndiyo sababu sasa nasema kwamba kwa kazi hii afadhali fundi mzoefu wa mabomba ya vyoo kuliko yule aliyezoea mabomba ya presha peke yake.

Kosa lililojitokeza lilikuwa langu na lake kwa pamoja. Tulipojaza maji yasiyo na chumvi ya kujaribia na kuwasha pampu, bomba la sifoni lilikohoa na kububujika kwa dakika nyingi bila kuanza kuvuta, maji ya kisanduku yakapanda mpaka bomba la dharura likaanza kumwaga. Tulikuwa tumelizamisha mwisho wa bomba la sifoni kiasi cha sentimita 15 ndani ya maji ya tangi la chini, hivyo hewa iliyokuwa ndani haikuwa na nguvu ya kuusukuma mzigo huo wa maji ili itoke. Tulizima pampu, mzee akapiga magoti mbele ya kabati, akalikata bomba kwa msumeno wa chuma mahali lilipo mpaka likabaki limezama sentimita 2 tu. Pampu ilipowashwa tena, hewa ilitoka kwa mlipuko mmoja wa mapovu, sauti ikapungua, na baada ya muda usiofika dakika moja palikuwa kimya. Kijana wake aliweka sikio kwenye bomba akadhani pampu imezimwa.

Kurekebisha geti valvu ni kazi ya subira. Kwanza tulipima pampu inapandisha kiasi gani kwa kweli, kwa sababu tarakimu iliyoandikwa kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha maji juu hata kidogo. Yangu imeandikwa lita 5,000 kwa saa. Tulikinga ndoo ya lita 20 juu ya tangi, nayo ikajaa kwa sekunde 24, maana yake lita 3,000 kwa saa, ambazo kwa tangi la lita 360 ni kama mara nane kwa saa na zinanitosha kabisa. Kisha fundi akawa anaifunga valvu robo mzunguko, anangoja maji ya kisanduku yatulie, anafunga tena kidogo, mpaka bomba la pili likabaki na mchirizi mwembamba kama wa kutawadhia. Hapo ndipo inapoonekana kwa nini koki ya mpini, ile inayofunguka na kufunga kwa robo mzunguko, haifai: ukiigusa kidogo tu umeshabadilisha mamia ya lita kwa saa.

Mdomo wa bomba la kurudishia, ule ulionigharimu zulia, safari hii uko sentimita 2 chini ya uso wa maji, na karibu na uso fundi ametoboa tundu dogo la milimita 6 la kuingiza hewa ili sifoni ikatike mapema. Nilipomwambia kwamba matundu ya namna hiyo huziba kwa mwani, alinijibu kwamba ndiyo sababu hakulitegemea tundu peke yake na akaupandisha mdomo wenyewe. Nilipenda pia kwamba hakunishauri valvu ya njia moja kama kinga. Kwenye maji ya bahari chumvi na konokono wadogo hukaa kwenye kizibo cha valvu hiyo, nacho hakifungi vizuri siku ambayo unakihitaji. Tulichomoa pampu kwenye soketi tukiwa na rula mkononi: maji ya tangi la chini yalipanda sentimita 7, ambazo ni kama lita 25, na zikabaki sentimita 11 za nafasi. Tukaichomeka, tukangoja sifoni ianze yenyewe, tukaichomoa tena. Mzee alirudia mara tano, ingawa mimi niliridhika kwa mara ya tatu. Tangu siku hiyo umeme umekatika mara nyingi, mchana na usiku, na tangi limesimama na kuanza tena bila mtu kulishika.

Mvutano wetu wa pekee ulihusu valvu. Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi niliyozunguka mjini, geti valvu nyingi ni za shaba njano, na fundi alikuja na mojawapo akiwa ameshainunua. "Mwalimu, hii ni ya maisha," alisema, "ile ya plastiki utaniita tena." Nilimweleza kwamba kwa maji ya bomba ana haki, lakini ndani ya shaba njano mna shaba nyekundu, na maji ya chumvi huila polepole, na kiasi kidogo tu cha shaba nyekundu ndani ya maji huua konokono, kamba na viumbe wengine wasio na uti wa mgongo hata kama samaki wataendelea kuishi. Aliigeuza valvu mkononi, akaniuliza, "Na pampu yako, mzee wangu, ndani ina chuma gani?" Nikaifungua mbele yake nikamwonyesha kijiti cha kauri. Akairudisha valvu dukani, tukasubiri siku nne mpaka ya plastiki ikafika kwa basi kutoka Dar es Salaam. Anayetaka kufunga mfumo kama huu hapa Tanga aitafute valvu hiyo kabla ya kumwita fundi, kwani ndicho kifaa kilichotuchelewesha kuliko vingine vyote. Mabomba, elbo, tii na gundi vyote vinapatikana hapa hapa.

Upungufu wa huduma upo, nami siufichi. Alichelewa siku mbili nzima bila kunipigia simu, wakati samaki wangu, kangaja wawili wadogo na kipepeo mmoja, walikuwa kwenye beseni wakitegemea pampu ndogo ya hewa. Siku ya kwanza aliibandika geti valvu kwa gundi bila yunioni, yaani kiungo kinachofunguliwa kwa kuzungushwa, juu na chini yake, ikiwa na maana kwamba siku ya kuisafisha ingebidi kukata bomba. Nilipomwonyesha alikata na kurudia, na vipande vya ziada alivilipia mwenyewe, lakini nisingemwonyesha ingebaki vile vile. Vilevile alitaka kujaza maji saa mbili baada ya kubandika mabomba kwa gundi, kama afanyavyo kwenye nyumba za watu, nikamwomba tungoje siku nzima. Na hana tabia ya kuandika stakabadhi, jambo ambalo kwa taasisi au nyumba ya wageni litaleta usumbufu.

Ufundi alinitoza shilingi 150,000 kwa siku mbili na nusu za kazi, bila vifaa. Naiona kuwa bei ya haki, hasa kwa kuwa alirudi baada ya mwezi mmoja bila kuitwa, akafungua yunioni, akaiosha geti valvu kwenye ndoo, na kunionyesha konokono mdogo aliyekuwa ameanza kujipenyeza kwenye mdomo wa bomba la sifoni. Tangu hapo mdomo huo una chujio la plastiki, nami hulisafisha kila Ijumaa asubuhi pamoja na lile tundu la milimita 6.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya zile siku mbili ambazo samaki walikaa kwenye beseni, na nimemwambia hivyo uso kwa uso alipokuja kuchukua malipo yake ya mwisho. Alikubali, akaomba radhi, kisha akarudi nyuma ya kabati kuitazama klempu ya chini ambayo alihisi imelegea.